Upele Kwenye Mikono ya Somo

Kama unasoma haya huku unajikuna, usijilazimishe kuketi. Soma ukiwa umesimama, egemeza mgongo kwenye fremu ya mlango ujisugue, hakuna anayekutazama. Mimi nilipitisha masika yote hivyo. Chai nilikunywa nimesimama, mchele nilichambua nimesimama, wageni niliwapokea huku nikizunguka saloni, ndiyo sebule yetu, kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mume wangu Ramazani alichoka kuniambia, "Mama Rukia, keti basi, uko unanizungusha kichwa." Sikuweza. Leo naweza, na kwa kuwa naweza naandika.

Hapa Nyamianda majirani wananiita Mama Rukia, lakini wasichana wanaoolewa wananiita Somo. Ndiyo kazi yangu. Bibi harusi akiwekwa ndani siku saba kabla ya ndoa, mimi ndiye ninayeingia kumkanda. Nampaka mafuta, manjano na liwa kutoka shingoni hadi kwenye nyayo, kila siku, mpaka ngozi ing'ae na chumba kizima kinukie, na wakati mikono inafanya kazi mdomo unamfundisha yale ambayo mama yake anaona haya kumwambia. Bibi yangu aliifanya kazi hii, na bibi yake pia, tangu wazee wetu waliofuata biashara ya ziwa walipojenga hapa. Somo bila mikono si kitu. Kwa hiyo nielewe ninapokuambia kwamba nilipata upele, na niliupata katikati ya vidole.

Niseme na jambo lingine sasa hivi, lisije likanikwama kooni huko mbele. Mikono hiyo hiyo ilimwambukiza msichana anayeitwa Zaina, na aliponijia kuniuliza nilimdanganya. Mengine yote humu ni ya ngozi, na ngozi inapona. La Zaina ndilo lililonikosesha raha hata baada ya ngozi kupona.

Ilianza na mvua za kwanza. Nyumba ilikuwa imejaa. Wifi yangu, dada yake Ramazani, alikuwa ameshuka kutoka Kiringye na watoto wanne kwa sababu ya mapigano ya kule ambayo kila mtu wa hapa anayajua, na sote tulilala vyumba viwili, mikeka ikigusana. Sijui nani alileta nini. Wifi anasema walifika wakiwa wazima, mimi nasema mimi nilikuwa mzima, na tumekubaliana kutolizungumza mbele ya chakula.

Kwanza nilidhani ni manjano. Kisha nikadhani ni sabuni mpya. Kisha ni chumvi ya mboga, kisha ni joto, kisha ni wivu wa mtu fulani wa mtaa wa pili ambaye simtaji. Unaona jinsi mtu anavyoweza kuzunguka? Vipele vidogo vilitoka kwenye mikunjo ya vidole, kisha kwenye vifundo, na jua likizama tu vilianza kazi yao kana kwamba kuna aliyevipigia kengele.

Lazima nieleze mafuta, maana ndiyo yaliyonipoteza. Mafuta yangu ya kazi msingi wake ni mafuta meusi ya kokwa za ngazi, yaani za mchikichi, na ndani yake natia matone machache ya mafuta makali ya mimea: mchaichai, karafuu, mikaratusi. Hayo makali yanatolewa kwa mvuke. Majani yanawekwa ndani ya pipa pamoja na maji, moto unawashwa chini, mvuke unapita kwenye bomba lililolazwa katika maji baridi, na mwisho wa bomba unakinga chupa. Maji yanashuka, mafuta yanaelea juu. Mwenye pipa ni jirani yangu Mama Furaha, mwanamke wa Kiprotestanti, na mikaratusi analetewa na akina mama wa Rurambo, kule milimani, wanaoshuka na maziwa. Zamani pipa hilo lilipika kanyanga, pombe kali iliyowaimbisha nusu ya wanaume wa mtaa. Siku Mama Furaha alipookoka, pasta alikuja na nyundo kulivunja. Akamwambia, "Pasta, zambi ilikuwa yangu, haikuwa ya pipa." Tangu hapo linapika majani tu. Mimi Mwislamu nilikuwa na wasiwasi nalo, nikamfanya alioshe mara saba kabla sijaleta mchaichai wangu.

"Osha tu," aliniambia, jasho likimtoka. "Lakini ujue iyi pipa iliokoka mbele yako weye."

Sasa niambie wewe. Mtu ambaye rafu zake zimejaa chupa, ambaye akina mama wanamletea watoto wenye mafua na wazee wanamletea magoti yao, ataenda kupanga foleni kwenye kituo cha afya kwa sababu ya vidole? Niliona aibu hata kuliwaza. Nilichukua chupa ya mikaratusi jinsi ilivyotoka kwenye bomba, bila kuichanganya na kitu, nikaimimina mikononi.

Usifanye hivyo. Kama kuna neno moja utakaloshika hapa, shika hilo. Niliruka. Niliuzunguka uwanja wote nikipepea mikono, kuku wakanikimbia, na Mama Furaha upande wa pili wa ukuta akacheka akidhani nafukuza nyuki. Ngozi ya viganja iliwaka siku mbili, ikakauka, ikabambuka. Nikabadili. Nilitia mchaichai na karafuu kwenye mafuta ya ngazi, nikajipaka polepole, na jamani, muwasho ukatulia. Siku tatu sikujikuna. Nililala, nikala nimekaa, nikamtania Ramazani. Nikajiambia: si nilisema?

Katika siku hizo tatu waliniita kwa Zaina.

Nilimjua tangu anacheza kamba mbele ya msikiti. Alikuwa anaolewa na mtoto wa wafanyabiashara wa vitambaa upande wa Kalundu, nyumba ya heshima, na mama yake alinishika mikono yote miwili akasema, "Minye nakuachia mutoto." Nilikata kucha, nikaongeza mchaichai kwenye chupa, nikaingia. Siku ya nne, mikono ikiwa mgongoni kwa Zaina, muwasho ukarudi. Nilikuwa namweleza habari za subira katika ndoa, na nilikuwa nikikaza meno. Je, nilijua? Nimejiuliza swali hili mara nyingi kuliko ninavyopenda. Nilijua kwamba najikuna. Jina la ninachojikuna sikulijua, na sikutaka kulijua mpaka harusi ipite.

Harusi ikapita, nzuri sana. Wote walisifu ngozi ya Zaina.

Ramadhani ilipokuwa inakaribia, alikuja kwangu baada ya swala ya alasiri, amejifunika hadi vidoleni. Aliingia chumbani bila kungoja nimkaribishe, akanionyesha viganja, kiuno, na chini ya matiti.

"Somo, mwili yangu iko inawasha. Hapa, na hapa, na kwa tumbo. Usiku silale. Bwana yangu alianza kuniuliza."

"Ni mwili iko inabadilika, mwanangu," nikamwambia. "Maji ya kule haiko maji ya kwenu. Itapita."

Alitazama mikono yangu. Niliiingiza ndani ya kikwembe nilichojifunga.

"Na weye, Somo? Iyo mikono?"

"Ni manjano."

Nilimpa chupa ndogo ya mafuta makali, nikamwambia ajipake jioni. Hata kwamba ayachanganye na mafuta mengine sikukumbuka kumwambia, kwa jinsi nilivyotaka aondoke. Alinibusu mkono kwa heshima, mkono ule ule. Nilisimama mlangoni nikajikuna hadi damu ikatoka.

Baada ya hapo mambo yaliharibika upesi. Vipele viliingia kiunoni, kwapani, kwenye makalio. Vingine vilitunga usaha. Mikono yangu, iliyokuwa laini kiasi cha wanawake kunitania kwamba sijawahi kuosha sufuria, ikawa migumu na yenye mipasuko. Msikitini nilisimama mwisho wa safu. Wakati wa kufuturu niliwagawia watu tende kwa kijiko, na wifi yangu akauliza kwa sauti tangu lini tende zinaliwa kizungu. Ramazani alihamisha mkeka wake saloni. "Sikukimbii weye," alisema, "niko nakimbia joto." Ilikuwa mvua inanyesha.

Ilimuumiza, najua. Nami iliniumiza. Tulikuwa tumeoana miaka mingi bila kulala vyumba tofauti, hata wakati wa ugomvi, na sasa tulikuwa tunapeana chumvi kwa kuisukuma juu ya meza.

Aliyenisukuma niende ni Mama Furaha. Nilimpelekea majani, akashika mkono wangu kabla sijauficha, akaugeuza.

"Mama Rukia, iyi ni buheri, upele ya kuambukiza. Batoto bangu bote balipataka. Acha kujidanganya na mafuta yangu, enda kwa munganga."

"Mafuta yako inanisaidia."

"Inakusaidia kulala. Kupona je?"

Nilikasirika, nikaacha kumsalimia siku nzima, ambayo kwetu ni muda mrefu. Kesho yake nilikuwa kwenye benchi la kituo cha afya.

Benchi hilo nimelikalia mara nyingi mno. Mbele kuna mtoto mwenye homa, pembeni mjamzito anayesinzia, mlango unafunguliwa, jina linaitwa, si lako. Nilikaa juu ya mikono yangu. Nikaitoa. Nikaisugua kwenye magoti. Mzee mmoja mwenye fimbo akaniambia kwa upole, "Mama, benchi yote iko inacheza." Mwanamke aliyekaa kando yangu aliona vidole vyangu, akamhamisha mtoto wake upande wa pili wa mapaja, kisha naye akasogea kidogo, kisha tena kidogo. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye, ningeondoka kabisa. Nilisimama nikaenda kungojea uani, chini ya bati, maji yakinirukia miguuni, na angalau huko niliweza kutembea.

Muuguzi alinitazama kwa muda mfupi tu, akaandika kwenye fishi, kadi yangu ya mgonjwa, akanituma labo, kule maabara. Mtu wa labo, ambaye wote wanamwita Laborantini, alikuwa mwanaume wa makamo asiyecheka ovyo. Alinikwangua kidogo katikati ya vidole kwa kisu chembamba, haikuuma, akaweka alichokwangua kwenye kipande cha kioo, akatazama ndani ya hadubini. Kisha akaniambia, "Kuya uone."

Nilikiona. Kidudu cha mviringo, kilichofura, miguu mifupi mifupi, kinahangaika. Nakuapia kilikuwa hakitulii, kama mimi tu. Nilihisi kutukanwa. Kiumbe kile kimeishi kwangu masika yote bila hodi, na mimi nimekuwa nikimsingizia jirani wa mtaa wa pili.

Nikafungua mkoba wangu, nikatoa chupa.

"Mutie hii."

"Ni nini?"

"Muchaichai na karafuu. Niliipika mwenyewe."

Nilidhani atanifukuza. Aliichukua, akainusa, akatia tone moja kwenye kioo. Tukangoja. Alitazama, akaniachia nitazame, akatazama tena. Miguu ilipunguza mwendo. Kisha ikaacha kabisa.

Nilipiga makofi. "Umeona! Dawa minye niko nayo!"

"Niliona kimoja kikikufa juu ya kioo," alisema. "Vyako viko chini ya ngozi, vimechimba, viko na mayai. Kioo haiko muntu, mama."

"Lakini kimekufa."

"Kimekufa. Batu ba masomo beko banachunguza mafuta kama iyi, na minye ningependa siku moja batuambie ndiyo, ni dawa. Lakini kipimo gani? Siku ngapi? Kwa mutoto muchanga je? Kwa mwenye mimba? Minye sijue. Na weye hujue." Alinirudishia chupa kwa mikono miwili, kwa heshima, na hilo sijalisahau. "Hii mikono uliichoma na nini?"

Nikamweleza habari ya mikaratusi. Alitikisa kichwa tu.

"Kazi yako ni gani?"

"Nakandaka mabibi harusi."

Aliweka kalamu chini.

"Tangu ianze, ulikanda wangapi?"

"Mumoja."

"Anajua?"

"Anajua," nikasema.

Hiyo ilikuwa mara ya pili kudanganya kwa ajili ya jambo moja, na mara hii nilimdanganya mtu aliyekuwa amenitendea wema. Alichukua kalamu, akaandika.

Dawa niliyopewa ni maji meupe kama maziwa, yenye harufu ya duka la rangi. Masharti yake ni haya: watu wote wa nyumba, siku moja, kutoka shingoni hadi kwenye vidole vya miguu, hata asiyejikuna. Nguo na mashuka yaoshwe kwa maji ya moto na yaanikwe juani, yasiyooshwa yafungwe ndani ya sashe, mfuko wa plastiki, siku kadhaa. Na ujiandae kwa yule unayempenda atakayekataa, maana katika kila nyumba yupo mmoja. Kwetu alikuwa Ramazani. Watoto wa wifi walipakwa uani wakipiga kelele, wakasimama wameinua mikono pembeni kama nguo zilizoanikwa. Wifi akapakwa. Mimi nikapakwa, iliwaka, nikaimba kwa nguvu ili nisilie. Ramazani akasema, "Minye siwashwe," akavaa kofia yake, akaenda kwa marafiki zake.

Wiki tatu baadaye tulikuwa tunajikuna wote upya.

Nilimkuta asubuhi moja ameegemeza mgongo kwenye fremu ya mlango wa jikoni, macho amefumba, anapanda na kushuka.

"Ni mbu," akasema bila kufumbua macho.

"Mbu wa mugongo muzima?"

Kisha akavua shati lake, akanigeuzia mgongo, akasema, "Basi paka." Nilimpaka polepole, kila mahali, hadi nyuma ya masikio. Ilikuwa mara ya kwanza kugusana tangu ahamishe mkeka. Jioni ile mkeka wake ulirudi chumbani, na mimi nikaona kwamba upele una adabu yake: hauondoki mpaka kila mtu wa nyumba akiri kwamba yumo.

Mara hiyo tulipona. Muwasho uliendelea majuma kadhaa baada ya dawa, na hapo wengi wanakata tamaa na kujipaka tena na tena mpaka ngozi inachubuka. Usifanye. Laborantini aliniambia ngozi inachelewa kuamini, na ndivyo ilivyokuwa. Mvua zilipokatika na vumbi la kiangazi kuanza, mikono yangu ilikuwa na madoa, lakini ilikuwa imetulia.

Mimi sikutulia. Nilifagia uwanja uliofagiwa. Nilianza kusali nikasahau rakaa. Kila mwanamke aliyejifunika akipita barabarani nilidhani ni Zaina.

Ndipo wifi yangu akarudi sokoni na habari, akaziweka mezani pamoja na dagaa.

"Ule bibi harusi wako wa Kalundu iko na mimba. Lakini mama mukwe alimutoa mu jikoni, hapana kupika tena. Anakulaka peke yake, na sahani yake. Banasema iko muchafu. Bengine banasema alirogwa. Banataka kumurudisha kwa baba yake."

"Na mama yake?"

"Iko Kigoma, iko anahudumia muzazi wake mugonjwa."

Nilitoka nje. Nilikwenda hadi kwenye ukuta, nikarudi, nikaenda tena. Ramazani alinifuata. Nilimwambia kila kitu, ya manjano, ya chupa, ya kumdanganya Laborantini. Alisikiliza akichora vumbi kwa kidole cha mguu.

"Ukisema," akaniambia, "hakuna atakayekuita tena. Ujue ivyo mbele ya kufungua mudomo."

"Najua."

"Basi mupelekee dawa kwa siri."

Usidhani nililikataa. Nililipenda wazo hilo. Nilichukua chupa yangu nzuri kuliko zote, ile ya kizibo cha dhahabu, nikaenda nayo kituoni kumwomba Laborantini anijazie ile dawa nyeupe ndani yake. Nilipanga kutia matone ya karafuu ili inukie. Ningemwambia Zaina ni mafuta mapya ya wajawazito.

Laborantini alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwambia na ukweli wa ile mara ya kwanza. Hakunikaripia.

"Iko na mimba," akasema. "Hapana kumupaka kitu mbele ya munganga kumuona. Hiyo moja. Na ya pili: anaishi na nani?"

"Na bwana yake. Na mama mukwe. Na mashemeji."

"Bote lazima bapakwe siku moja. Sasa weye utamupaka mama mukwe yake kwa siri namna gani?"

Nilicheka. Nilicheka nikashindwa kuacha, na watu wa kwenye benchi wakanigeukia. Kisha nikalia hapo hapo, nimeshika chupa tupu.

Nilienda Kalundu siku hiyo hiyo, maana ningelala ningebadili mawazo. Ramazani alikuwa sahihi, nikuambie kabisa: kiangazi kile chote hakuna nyumba iliyonipigia simu, na hata leo kuna wanawake wanaovuka barabara wakiniona. Nilijua nikiwa njiani. Miguu ilitembea tu.

Mama mkwe wa Zaina, Bi Mariamu, alikuwa amekaa barazani na marobota ya vitambaa. Zaina alikuwa peke yake pembeni ya uwanja, kwenye kigoda, kikombe chake cha bati miguuni. Amekonda usoni, tumbo ndilo lililoanza kuonekana. Hakunisalimia.

"Karibu, Somo, keti," alisema Bi Mariamu.

"Nitasema nimesimama," nikasema. "Upele ya Zaina ni yangu. Minye ndiye nilimupatia, na iyi mikono, siku za kumukanda. Haiko muchafu. Hakurogwa. Alikuya kuniuliza, nikamudanganya juu nilikuwa naogopea kazi yangu. Naomba musamaha. Na naomba nyumba yote iende kwa munganga, maana akipona peke yake itarudi."

Bi Mariamu aliinuka. Nilimwona akivuta mikono ya gauni lake mpaka ifunike viganja, na nikajua naye anajikuna.

"Toka," akasema. "Usikanyage hapa tena."

"Asitoke."

Alikuwa Zaina. Alisimama, akaja mpaka karibu yangu. Nilidhani atanipiga, na ningesimama anipige.

"Minye nililala mu saloni miezi mbili," akaniambia. "Nikaanza kuamini niko muchafu kweli. Nilikuwa najiosha mpaka ngozi inatoka. Na weye ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Twende kwa munganga. Mama, na weye twende. Asubuhi."

Bi Mariamu alifungua kinywa, akatazama mikono yake iliyofichwa, akakifunga.

Wengine walipewa ile dawa nyeupe. Zaina, kwa sababu ya mimba, alipewa pomadi ya salfa, ya manjano, inayonuka kama yai viza, ipakwe mwili mzima siku tatu mfululizo. Bi Mariamu alikubali dawa na akakubali Zaina arudi chumbani kwake, lakini kumpaka mtu mwingine, hapana, hilo alisema haliwezi. Mume wa Zaina alikuwa safarini ziwani, yeye apakwe akirudi, kabla ya kulala ndani. Nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti cha chumba, tayari kuaga, Zaina aliponitupia kopo.

"Nani atanifikia mugongo?" akasema. "Paka. Na usinifundishe kitu."

Alifunga mlango, akavua kitambaa, akalala kwa ubavu. Ule mgongo niliujua. Sasa ulikuwa na mistari ya kucha, na kiunoni palikuwa na doa la kahawia lililobambuka, ambalo halikuwa la upele. Ni chupa yangu ndiyo iliyomchoma. Niliweka pomadi viganjani, nikaipasha moto kwa kuisugua, nikaanza shingoni. Mimi niliyemfukiza udi na kumpaka liwa siku saba, nilimpaka ile harufu kwenye mabega, kwenye mikunjo ya viwiko, katikati ya vidole kimoja kimoja, chini ya tumbo taratibu, kwenye nyayo. Doa la kiunoni nililizunguka kwa ncha ya kidole, lisiguswe. Kuna wakati alipumua kwa nguvu, nikasimamisha mikono. Akainua kidole kuniambia niendelee.

Nilipomaliza nilimfunika kwa kikwembe kilichotoka juani, nikafunga kopo, nikatafuta maji ya kunawa. Alikuwa amenipa kisogo bado.

"Ni siku tatu," akasema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi kesho usichelewe."